Folda Tupu na Folda Iliyojaribiwa: Kumbukumbu za Seva ya Magadi

Kiini cha mfumo endeshi ni ile sehemu ya ndani kabisa ya programu inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, kupanga zamu za kazi na kuzungumza na diski, kadi za mtandao na vifaa vingine kwa niaba ya programu zote, na kwa sababu hiyo ndicho kitu pekee ndani ya mashine kisicho na msimamizi juu yake. Programu ya kawaida ikianguka, kiini hubaki hai, hukusanya mabaki yake na kuandika kilichotokea. Kiini chenyewe kikianguka, hakuna anayebaki kusimulia, na yote yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hudumu tu maadamu umeme upo na mashine haijawashwa upya, hutoweka pamoja na sababu ya kuanguka huko. Ili kuziba pengo hilo, mifumo ya ukoo wa Unix ina njia ya kuhifadhi taswira ya kumbukumbu, yaani nakala ya yaliyokuwamo kumbukumbuni pale kiini kiliposhindwa kuendelea, nakala ambayo huandikwa diskini au kutumwa kwa mtandao ili ichunguzwe baadaye na mtu ambaye hakuwapo. Njia hiyo hutayarishwa mashine ikiwa nzima, na hujaribiwa mashine ikiwa nzima. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa zinahusu tofauti kati ya kutayarisha na kujaribu, kama ilivyodhihirika kwa seva moja iliyotunzwa na karakana ya Kitengela huku yenyewe ikifanya kazi Magadi.

Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni jambo la kiufundi kama lilivyo la kijiografia. Kitengela iko kando ya barabara ya Namanga, kusini tu ya Nairobi, kwenye nyanda za juu ambako jioni huleta baridi na vipuri hupatikana siku hiyohiyo. Magadi iko kaunti hiyohiyo ya Kajiado, lakini chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ziwa ambalo magadi yake yamechimbwa tangu kampuni ya kwanza ilipoundwa mwaka 1911 na reli ikajengwa kutoka Konza, kupitia mji wa Kajiado, ili kuyasafirisha kuelekea pwani. Fundi atokaye Kitengela huenda hadi Isinya, hushika barabara ya Pipeline mpaka Kiserian, hupanda Kona Baridi na ndipo huanza kuteremka kupitia Ole Tepesi na Olorgesailie, na kadiri anavyoteremka ndivyo joto linavyozidi, hata afikapo ziwani huwa ameshaingia katika hali ya hewa nyingine kabisa. Joto la mchana huko hufikia nyuzi 35 na kupita, na vumbi jeupe la magadi, ambalo hufyonza unyevu na kula chuma, hutanda kwenye mapanga ya feni na katikati ya mabati membamba ya kupozea kichakato mpaka hewa ikakosa pa kupita. Safari ya namna hiyo haifanywi kwa sababu ya dhana, na fundi anayeifanya hutaka kujua kabla ya kuondoka kama abebe diski, kumbukumbu, kadi ya mtandao au betri.

Seva inayozungumziwa ilitunza kumbukumbu za wateja wa kituo kimoja cha huduma. Ilikuwa mashine ya kawaida ya ofisi yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu na mfumo wa Debian, si mashine ya chumba cha data yenye kumbukumbu zinazojisahihisha. Ilianza kuzima na kuwaka yenyewe bila mpango, na kila ilipofanya hivyo mtunzaji wa kituo alipiga simu Kitengela na kueleza jambo lilelile: “Fundi, imezima tena, lakini imerudi.” Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoficha ugonjwa kwa muda mrefu. Watu walikuwa wamepanga foleni, mashine ilikuwa imerudi, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake: stima imepotea kidogo, joto limezidi, vumbi limeingia, kirusi kimeshika. Maelezo hayo yote yaliwezekana, na hapakuwa na hata moja lililoweza kukanushwa, kwani mashine iliporudi ilirudi bila dalili yoyote. Daftari la matukio, ile faili ambamo mfumo huandika yanayotokea, lilikatika katikati ya mstari wa kawaida kisha likaendelea na mistari ya kuwaka upya. Folda ya /var/crash, ambamo taswira za kumbukumbu hupaswa kuwekwa, ilikuwa tupu.

Utupu huo ulisomwa kwanza kama habari: kwa kuwa hakuna taswira, basi kiini hakikuanguka, na kwa hiyo tatizo ni umeme. Hoja hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini ina kasoro. Folda tupu inaweza kumaanisha kwamba kiini hakijaanguka, au kwamba kilianguka na utaratibu wa kuhifadhi ukashindwa, au kwamba utaratibu wenyewe haukuwahi kuwapo, na kwa anayetazama kutoka nje hali zote tatu zinafanana kabisa. Folda hiyo huanza kuwa ushahidi siku tu ambapo imethibitishwa, kwa mashine hiyohiyo na mipangilio hiyohiyo, kwamba kiini kikiangushwa kwa makusudi folda hujaa. Kabla ya hapo haisemi chochote, na anayeisoma anasoma matarajio yake mwenyewe.

Ugumu wa kuihifadhi taswira ni wa zamani. Katika Unix ya Berkeley, kiini kilichogundua kwamba hali yake ya ndani imeharibika, hali inayoitwa taharuki, kilinakili kumbukumbu yote kwenye eneo la ubadilishanaji, yaani sehemu ya diski inayotumiwa kuhifadhi kwa muda kurasa za kumbukumbu zisizotumika, na mashine ilipowaka tena programu iitwayo savecore ilikwenda kuichukua nakala hiyo kabla haijafutwa na kazi mpya na kuiweka katika faili la kawaida. Mpango huo ni mzuri na bado unatumika, lakini unakitaka kiini kilichokwisha kuharibika kiandike ushahidi wake chenyewe kwa kutumia viendeshi vilevile vya diski ambavyo pengine ndivyo vilivyokiangusha. Katika Linux, kampuni ya SGI ilijaribu njia ya aina hiyo mwaka 1999 kwa mradi wa LKCD, ambao haukuwahi kupokelewa katika msimbo mkuu wa kiini. Suluhisho lililokubalika lilikuja na toleo la 2.6.13 mwezi wa Agosti 2005, nalo liliitwa kdump. Lilijengwa juu ya kexec, kazi ya Eric Biederman inayowezesha kiini kimoja kuwasha kiini kingine moja kwa moja bila kupitia hatua za mwanzo za mashine, na likaendelezwa na Vivek Goyal na wenzake wa IBM.

Wazo la kdump ni kwamba aliyeharibika asiaminiwe. Mashine inapowaka, kiasi fulani cha kumbukumbu hutengwa na kufungwa, na ndani yake hupakiwa kiini cha pili kinachokaa kimya bila kufanya kazi yoyote. Kiini cha kwanza kikitaharuki, hakijaribu kuandika chochote diskini. Hukabidhi mashine kwa kiini cha pili, ambacho huamka ndani ya eneo lake lililotengwa, huliona eneo lote lililobaki kama faili moja kubwa iitwayo /proc/vmcore, huinakili diskini kwa viendeshi vyake chenyewe visivyochafuliwa, kisha huwasha mashine upya. Gharama yake ni ile kumbukumbu iliyotengwa, ambayo hakuna programu nyingine inayoweza kuitumia. Kutenga megabaiti 256 katika mashine ya gigabaiti 8 ni kutoa takriban asilimia 3 ya kumbukumbu yote, na mwenye mashine anapaswa kuelezwa hivyo waziwazi, kwa kuwa anailipia.

Kwenye Debian, kazi ya kutayarisha ni fupi. Husakinishwa kifurushi cha kdump-tools, huongezwa kigezo cha crashkernel=256M kwenye amri za kuwashia kiini, mashine huwashwa upya, na amri ya kdump-config show hueleza kama kiini cha pili kimepakiwa. Kifurushi hicho huweka pia kigezo cha kernel.panic_on_oops kuwa 1, jambo muhimu kuliko linavyoonekana, kwani Linux ikikumbana na kosa la ndani lisilo la kuua mara moja huweza kuiua programu iliyohusika na kuendelea na safari ikiwa imejeruhiwa, na taswira itakayopatikana baadaye huonyesha matokeo ya jeraha bila kuonyesha jeraha lenyewe. Kwa seva inayohifadhi kumbukumbu za watu ni afadhali kusimama hapohapo kuliko kuendelea kuandika diskini kwa akili iliyovurugika.

Seva ya Magadi ilikuwa na hayo yote. Amri ya kdump-config ilijibu kwamba iko tayari, na faili ya /sys/kernel/kexec_crash_loaded ilikuwa na tarakimu 1, maana yake kiini cha pili kimepakiwa. Kilichokosekana ni jaribio. Jaribio lenyewe ni mistari miwili: ya kwanza huamuru yote yaliyo njiani yaandikwe diskini, na ya pili, echo c > /proc/sysrq-trigger, hukiangusha kiini papo hapo. Ni amri inayoogopesha kwa haki, kwa kuwa kila anayetumia mashine wakati huo hukatwa, na ndiyo sababu wengi huiahirisha mpaka isahaulike. Ilipotolewa Magadi, saa za kazi zikiwa zimeisha na nakala za akiba zikiwa zimechukuliwa, skrini ilionyesha kiini cha pili kikianza kuamka, kikitaja vifaa kimoja baada ya kingine, kisha kikalalamika kwamba kimeishiwa na kumbukumbu na kusimama. Eneo lililokuwa limetengwa tangu usakinishaji lilikuwa megabaiti 128, nalo halikutosha kwa kiini pamoja na viendeshi vya diski na mfumo mdogo wa kuwakia uliofungashwa navyo. Mashine iliyokuwa ikijitangaza kuwa tayari haikuwa tayari, na kila mara kiini kilipoanguka katika kipindi kilichopita, huenda ndivyo kilivyokufa pia cha pili, kimya, ndani ya chumba ambacho hakuna aliyekuwa akitazama skrini.

Eneo hilo lilipopanuliwa hadi megabaiti 256 na jaribio likarudiwa, ndani ya /var/crash ilitokea folda iliyopewa jina la tarehe na saa, na ndani yake faili mbili: taswira yenyewe, na faili ndogo ya maandishi yenye maneno ya mwisho ya kiini. Faili hiyo ndogo inastahili kusifiwa peke yake. Taswira iliyochujwa huweza kuwa na mamia ya megabaiti, na kuituma kutoka Magadi kwa mtandao wa simu ni kazi ya subira na gharama; lakini maneno ya mwisho ni kilobaiti chache, hutumwa kwa barua pepe hata mtandao ukiwa dhaifu, na mara nyingi hutosha kumwambia fundi aliyeko mbali abebe nini. Tangu hapo karakana ilipanga seva itume faili hiyo yenyewe mara tu inaporudi, na taswira kubwa ibaki palepale mpaka mtu afike na diski ya kubebea.

Mavuno ya kwanza ya jaribio hayakuwa taswira bali ukosefu wake. Seva ilizima na kurudi tena, na folda ikabaki kama ilivyokuwa. Safari hii utupu huo ulikuwa na maana: utaratibu ulikuwa umethibitishwa, hivyo kiini hakikuanguka kwa taharuki, na kilichobaki ni umeme kukatika au mashine kuzimwa na vifaa vyake vyenyewe. UPS, yaani kifaa cha akiba ya umeme, iliyokuwa chini ya meza ilipopimwa ilionekana kwamba betri yake haikuweza kubeba mzigo wa seva hata kwa muda wa kupepesa jicho, na ikabadilishwa. Waliosema kwamba stima ndiyo tatizo walikuwa wamesema kweli kwa sehemu. Magonjwa yalikuwa mawili, na maadamu yalichanganywa katika malalamiko mamoja, kila ushahidi dhidi ya mmoja ulionekana kuupinga ule wa pili.

Ugonjwa wa pili ulijitokeza baada ya betri mpya, saa nane mchana, wakati wa joto kali. Folda mpya ilionekana, maneno ya mwisho yakafika Kitengela, na taswira ikafuata baadaye ikiwa imebebwa. Kuisoma taswira kunahitaji programu ya crash, iliyoandikwa na David Anderson wa Red Hat, pamoja na faili ya alama za kiini, yaani kamusi inayounganisha kila anwani ya kumbukumbu na jina la kazi au muundo uliokaa hapo. Kamusi hiyo lazima iwe ya toleo lilelile kabisa la kiini kilichoanguka, na ni busara kuipakua siku kiini kinaposakinishwa, kwani huondolewa kwenye hazina za mtandao matoleo mapya yanapoingia. Amri ya bt huonyesha mfuatano wa kazi zilizokuwa zikiitana hadi kwenye anguko, na amri ya log hurudisha daftari la matukio kama lilivyokuwa kumbukumbuni, pamoja na mistari ambayo haikuwahi kufika diskini.

Taswira ile ya kwanza ilionyesha kwamba kiini kilianguka ndani ya msimbo wa ext4, mfumo wa kupanga mafaili diskini, na msomaji wa haraka angetoa hukumu dhidi ya diski au dhidi ya ext4 yenyewe. Kilichozuia hukumu hiyo ni anwani moja. Kiini kilikuwa kimejaribu kufuata kielekezi, yaani tarakimu inayotaja mahali kitu kilipo kumbukumbuni, na kielekezi hicho kilikuwa fff79c4104c3e800. Katika vichakato vya aina ya x86 vya biti 64, anwani za kiini huanza kwa ffff, na anwani isiyofuata kanuni hiyo hukataliwa na kichakato chenyewe. Miundo ya jirani iliyotaja kitu kilekile ilikuwa na ffff9c4104c3e800. Tofauti kati ya f na 7 ni biti moja tu: f ni 1111, 7 ni 0111. Mahali palipopaswa kuwa na moja palikuwa na sifuri, na tarakimu nyingine zote zilikuwa sawa. Kosa la mwandishi wa programu mara chache huwa na umbo la namna hiyo. Programu mbovu huandika thamani nzima ya kigeni, au sifuri tupu, au anwani iliyokwisha kuachwa. Biti moja inayodondoka katikati ya anwani iliyo sahihi kwa mengine yote humwelekeza mtazamaji kwenye vifaa.

Hata hivyo taswira moja haitoshi, na hapa ndipo subira ya karakana ilipolipa. Taswira ya pili, iliyopatikana tena wakati wa joto la mchana, ilianguka mbali kabisa na ya kwanza, ndani ya msimbo wa mtandao, kwa hiyo anayesoma majina ya kazi peke yake angesema sasa ni kadi ya mtandao. Lakini kielekezi kilichoharibika kilikuwa kimepoteza biti ileile, ya nafasi ya 51 ukihesabu kuanzia sifuri, nayo ilikuwa imetoka moja kwenda sifuri. Programu mbili zisizohusiana zilikuwa zimejeruhiwa mahali pamoja. Kwenye barabara hiyohiyo ya Magadi, huko Olorgesailie, vishoka vya mawe vilivyochunguzwa na Mary na Louis Leakey katika miaka ya 1940 vimeachwa mahali vilipoonekana, na wageni hupita juu ya daraja la mbao ili wasivisogeze, kwa sababu kishoka kilichohamishwa hubaki kishoka lakini hakiwezi tena kueleza kilikuwa kando ya nini. Taswira ya kumbukumbu hutunzwa kwa sababu hiyohiyo: thamani iliyoharibika ina maana kwa kuwa bado imekaa karibu na zile ambazo hazikuharibika.

Karakana iliileta mashine Kitengela na kuiendesha programu ya Memtest86+, ambayo huandika ruwaza mbalimbali kwenye kumbukumbu yote na kuzisoma tena kuona kama zimebadilika. Ilipita bila kosa. Ikaachwa usiku kucha, ikapita. Matokeo hayo yangetosha kuirudisha Magadi na cheti cha afya, na katika huduma za aina hii ndivyo mashine nyingi zinavyosafiri huku na huko, zikiwa nzima karakanani na mbovu zirudipo kazini. Kinachofaa kukumbukwa ni namna kumbukumbu ya DRAM inavyofanya kazi: kila biti ni chaji ndogo ya umeme inayovuja muda wote, hivyo hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64, na kwa kuwa uvujaji huongezeka joto linapopanda, viwango vya DDR vinaagiza muda huo upunguzwe hadi milisekunde 32 kipande kinapopita nyuzi 85. Kipande chenye seli dhaifu huweza kuvumilia Kitengela na kushindwa Magadi. Jaribio liliporudiwa Magadi, mchana, mashine ikiwa mahali pake na vumbi lake ndani yake, makosa yalianza kuonekana kwenye skrini, yakiwa kwenye biti ileile iliyotajwa na taswira zote mbili. Kipande kilibadilishwa, mapanga ya feni yakasafishwa, na sanduku likawekewa kichujio cha kitambaa ambacho mtunzaji hukung’uta mara kwa mara.

Kosa la vifaa vya kumbukumbu lina tahadhari yake: eneo lililotengwa kwa kiini cha pili limo katika vipande vilevile, na seli mbovu ingeweza kuangukia humo, ikamwua shahidi au, vibaya zaidi, ikampotosha. Hakuna utayarishaji unaoondoa hatari hiyo kabisa. Hupunguzwa kwa kutotoa uamuzi kwa kutegemea taswira moja, na kwa kununua, pale bajeti inaporuhusu, kumbukumbu zenye uwezo wa kusahihisha biti moja na kuandika kwamba zimesahihisha. Kwa mashine za mahali penye joto kama Magadi au Lodwar, gharama hiyo ya ziada ni ndogo kuliko safari zinazookolewa.

Yapo pia maanguko ambayo hayana taharuki. Mashine hukwama, skrini ipo, feni zinazunguka, lakini hakuna kinachoitika, na kwa kuwa kiini hakijajitangaza kuwa kimeharibika, kdump haina la kufanya. Vigezo vya kernel.hardlockup_panic na kernel.softlockup_panic humwezesha mlinzi wa ndani, anayepima kama vichakato bado vinashughulikia zamu zao, kugeuza kukwama kuwa taharuki na hivyo kuzalisha taswira. Pale ambapo mlinzi huyo naye amekwama, husaidia mtu aliye karibu: funguo za Alt na Print Screen zikishikwa pamoja, kisha c ikabonyezwa, kiini huangushwa kwa makusudi, mradi kigezo cha kernel.sysrq kimeruhusu jambo hilo mapema, kwani Debian huizuia herufi hiyo isipobadilishwa. Mtunzaji wa kituo aliachiwa karatasi ukutani yenye hatua chache, ya kwanza ikiwa ni kupiga picha skrini kwa simu kabla ya kugusa chochote. Yeye ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yote: “Sasa fundi, nikiibonyeza na haikuwa imekwama?” Jibu lilikuwa kwamba asubiri dakika kadhaa, ajaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine, na akishindwa ndipo abonyeze, na swali hilo likaongezwa kwenye karatasi pamoja na jibu lake. Ushahidi bora katika mazingira ya aina hii hutegemea mtu aliyeko pale, na mtu huyo anastahili kuelezwa sababu, asipewe amri tupu.

Si Linux peke yake inayokutwa katika eneo hili. FreeBSD ilifundishwa sana katika semina za AfNOG, jukwaa la wahandisi wa mitandao barani Afrika lililoanza mwaka 2000 na lililokutana Nairobi mwaka 2006, na walioisomea huko wameiacha kwenye seva kadhaa za Afrika Mashariki. Ndani yake urithi wa Berkeley uko wazi: mstari wa dumpdev="AUTO" katika faili ya /etc/rc.conf huelekeza taswira kwenye eneo la ubadilishanaji, savecore huichukua mashine inaporudi, na taswira huandikwa mwishoni mwa eneo hilo ili isiguswe mapema na ubadilishanaji wa wakati wa kuwaka. Fundi ahakikishe tu kwamba eneo hilo lina nafasi ya kutosha na kwamba /var ina nafasi ya kuipokea taswira, kisha afanye jaribio, kwa sababu hapa pia mstari ulioandikwa vizuri katika faili ya mipangilio haujathibitisha lolote.

Jambo ambalo mafundi hulipita kwa haraka ni kwamba taswira ya kumbukumbu ni nakala ya maisha ya watu. Kwenye seva ya kituo cha huduma, kumbukumbu huwa na majina, namba za vitambulisho, namba za simu na maelezo ya shida zilizowaleta, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitofautishi kati ya data iliyopangwa katika jedwali na data iliyonaswa kwa bahati ndani ya faili la uchunguzi. Programu ya makedumpfile ikipewa kigezo cha -d 31 huacha kurasa zenye sifuri tupu, kurasa za akiba ya mafaili, kurasa za programu za watumiaji na kurasa zisizotumika, na hivyo hupunguza ukubwa na faragha inayofichuka kwa pamoja. Lakini haiondoi yote: kurasa za kiini chenyewe hubaki, na ndani yake huweza kuwamo vipande vya mawasiliano ya mtandao na hata funguo za diski iliyosimbwa. Tangu toleo la 12.0 la Desemba 2018, FreeBSD huweza kuisimba taswira kwa ufunguo wa hadhara, kiasi kwamba seva yenyewe haiwezi kuisoma tena bila ufunguo wa siri uliohifadhiwa kwingine, mpango unaofaa sana pale ambapo diski hubebwa ndani ya matatu kutoka Magadi hadi Kitengela. Kwa seva ya Debian karakana ililazimika kuisimba taswira kwa mkono kabla ya kuinakili, na kuifunga folda ya /var/crash ili isomwe na msimamizi peke yake.

Makubaliano yaliyoandikwa na kituo baada ya hapo yalitaja nani anaweza kuichukua taswira, inakaa wapi, na inafutwa lini. Zile mbili zilizofichua biti ya 51 zilifutwa kipande cha kumbukumbu kilipokwisha kubadilishwa na mashine kupita msimu wa joto bila kuanguka. Faili zake ndogo za maandishi zimebaki katika jalada la karakana pamoja na tarehe ya jaribio la mwisho, na jaribio hilo hurudiwa kila kiini kinapobadilishwa na kila kumbukumbu inapoongezwa.